Mdahalo wa Papa Barazani Pongwe

Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na shuleni kwake kila Ijumaa kulikuwa na mdahalo. Hakuna aliyesamehewa. Hata watoto wa darasa la tatu walisimama mbele ya wenzao, suruali zinawapwaya, wakabishana kama maisha ya shamba ni bora kuliko ya mjini. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake na tena mtoto wake, kwa hiyo nilibwagwa mara mbili: mchana darasani, na jioni nyumbani, tukirudia hoja zile zile huku tunamega bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa samaki. Sikuwahi kumshinda. Nilikua, nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa historia sekondari, nikaolewa, nikaota mvi, na bado sikuwa nimemshinda.

Sisi ni Wabondei, na kwetu Uanglikana ni kama jina la ukoo. Babu yangu mzaa baba alikuwa padri wa Kianglikana. Alitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, akabatiza watu ambao sasa ni wazee wenye wajukuu, na alipokufa walikuja kumzika hata Waislamu wa Muheza. Kwa hiyo nilipompenda kijana Mkatoliki wa Chumbageni, fundi wa mitambo bandarini, na nilipoamua kumfuata si nyumbani kwake tu bali na kanisani kwake, nilijua namgusa baba mahali pabaya.

Hakugomba. Siku ya harusi alivaa suti yake ya kijivu, akanileta hadi mlangoni mwa kanisa, akanikabidhi kwa kaka yangu, yeye akarudi getini. Misa nzima alisimama pale juani, kofia mkononi. Tulipotoka alitupa mkono mimi na mume wangu, akasema, "Mungu awabariki," akaondoka. Tangu siku ile alikuja kwetu Chumbageni mara nyingi, akacheza na mwanangu, akamfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Lakini ndani ya kanisa Katoliki hakuingia. Ubatizo wa mjukuu, getini. Komunyo ya kwanza, getini. Walinzi wa parokia walimzoea wakawa wanamtolea kiti, naye anashukuru na hakikalii.

Mjukuu huyo ndiye aliyekwenda seminari.

Mwaka ule Papa alipofariki na mwingine akachaguliwa, mwanangu alikuwa shemasi tayari, anangoja kupewa upadre katika kanisa kuu la Tanga. Aliponipigia simu kunijulisha kuwa askofu ameshapanga siku, nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Alicheka.

"Mama, Babu atakuja?"

"Atakuja, anaachaje?"

"Ataingia ndani?"

Yeye akaniwahi: "Asipoingia nitapadrishwa tu, usimsumbue. Lakini nikilala kifudifudi pale mbele wakati wa litania ya watakatifu, nitakuwa namuwaza yuko juani."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Pongwe, anakoishi baba tangu alipostaafu. Nilimkuta barazani anakwangua kutu kwenye jembe.

"Tate, shikamoo," nilimwamkia. Wabondei baba tunamwita tate.

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Nitakuja, na nitasimama nilipozoea."

"Kwa magoti hayo?"

"Magoti hayajalalamika."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nikamwuliza jambo ambalo, ukiamini usiamini, miaka yote ile sikuwahi kumwuliza wazi. "Tate, hasa tatizo lako na sisi ni nini?"

Aliweka jembe pembeni. "Ubani tunao. Misa tunayo. Bikira Maria tunaye, na watakatifu wote tunawajua kwa majina. Kinachotutenga na nyinyi ni mzee mmoja aliyeko Roma. Nyinyi mnasema ana mamlaka juu yangu. Mimi nasema hana. Nikiingia mle ndani na kukaa, nitakuwa nimekubali kwa makalio nilichokikataa kwa mdomo."

Nilicheka bila kupenda. Yeye hakucheka. Kisha macho yake yakabadilika, yakawa yale ya Ijumaa mchana.

"Tufanye hivi," alisema. "Nishinde kwa hoja. Ukinishinda, nitaingia na nitakaa utakaponiweka. Nikikushinda, usiniulize tena mpaka naingia kaburini."

"Nani ataamua? Padre wangu utasema ananipendelea."

"Na wangu utasema vivyo hivyo."

Tukajikuta sote tunatazama upande mmoja, ng'ambo ya michongoma, kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni jirani yake baba, mjane wa ukoo uliotoka Omani zamani za mababu zake, mwenye mashamba ya minazi na michungwa. Urafiki wake na baba ulianza kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Walibishana msimu mzima, na ugomvi ulipokwisha wakaona wamekosa la kufanya jioni, wakaendelea kubishana mambo mengine. Ndugu zake hutoka mpaka Pangani kumletea kesi za mirathi, kwa sababu neno lake halipindi hata kwa mwanawe. Tulimwendea, tukamweleza. Alitusikiliza huku anachambua mchele, kisha akatikisa kichwa.

"Lahaula! Wakristo wawili mnamtaka Mwislamu aamue habari ya Papa?"

"Ndiyo maana tunakutaka," baba alisema. "Wewe huna Papa wala huna askofu."

"Huo moshi mweupe niliuona kwenye televisheni, nikasema kumbe watu wazima wanachagua kiongozi bila kupigana ngumi. Haya. Jumapili ijayo baada ya alasiri. Kahawa nitakuja nayo mwenyewe. Kila mmoja atasema mpaka nimalize kikombe, kisha atanyamaza. Na asiyenieleza kwa Kiswahili cha kueleweka ameshindwa."

Sijawahi kujiandaa na mtihani kama nilivyojiandaa wiki ile. Mume wangu, Mkatoliki wa kuzaliwa, aliona nasumbuka bure. "Mwambie tu Petro alipewa funguo," alisema.

"Hiyo ya funguo alikuwa anaijibu kabla hujazaliwa."

Nilimwendea paroko wetu. Nilitegemea atanipa rundo la vitabu. Alinipa neno moja tu: "Usitetee tusichokifundisha. Nusu ya watu wanaompinga Papa wanampinga Papa ambaye hata sisi hatunaye." Nililitafakari nikifua, nikisahihisha madaftari ya kidato cha tatu, nikitoka sokoni. Nikabishana na sufuria. Nikamwekea baba maneno mdomoni, nikamjibu, na kila mara baba wa kichwani mwangu alinishinda.

Jumapili ilifika. Baba alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Bi Mkubwa aliketi kiti cha katikati, buibui limekunjwa mabegani, birika la kahawa chungu miguuni na kisahani cha kashata pajani. Akajimiminia kikombe, akamwashiria baba kwa kidevu.

"Anza, Mwalimu."

Baba alisimama. Tangu astaafu sikuwa nimemwona amesimama wima vile. "Wanasema Petro ni mwamba na Papa ni mrithi wake," alianza. "Sawa. Petro huyo alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Na baadaye kule Antiokia alijitenga na watu wa mataifa akaogopa wenzake, hata Paulo akampinga uso kwa uso, imo katika Wagalatia, wanayo na wao. Sasa huyo ndiye msingi wa mtu asiyekosea? La pili. Askofu wangu yuko hapa Tanga. Anajua machungwa yameuzwa vipi mwaka huu, anajua nani kafiwa. Kwa nini neno la mwisho juu ya watu wa Pongwe litoke kwa mtu ambaye Pongwe hajawahi kuisikia?"

Bi Mkubwa alitingisha kikombe kitupu. "Nzito," alisema. "Hasa ya machungwa. Binti?"

Nilisimama. Nilivuta gauni chini kama mtoto wa darasa la tatu, mwanamke mzima mwenye mtoto shemasi.

"Nianze na asichokuwa Papa," nilisema. "Si malaika. Anatenda dhambi, na ana padre anayemwungamia. Anapiga magoti kama mimi. Akisema timu fulani itashinda, anaweza kukosea. Akiteua mtu mbaya, amekosea. Historia yetu ina mapapa wa kuaibisha, nami nawafundisha wanafunzi wangu bila kuwaficha."

"Sasa hiyo kutokosea iko wapi?" Bi Mkubwa alidakia.

"Ni mahali pembamba sana, Bi Mkubwa. Ni pale tu anaposimama kama mchungaji wa wote, akatamka kwamba jambo hili la imani au la maadili, Kanisa zima lilishike. Hutokea kwa nadra mno. Na hata hapo hatusemi yeye ni hodari. Tunasema Mungu hataliacha Kanisa lake lipotezwe kwa neno la namna hiyo."

"Akisema kesho mvua?"

"Tutatazama mawingu kwanza."

Aligonga paja lake akacheka. Baba alibana midomo, lakini nilimwona.

"Na Antiokia," niliendelea, maana kikombe kilikuwa kinakaribia kwisha. "Tate ana haki. Petro alikosea, na Paulo alimkaripia mbele ya watu. Lakini Paulo hakutoka pale akaenda kuanzisha kanisa lake. Alimkaripia, akabaki naye. Mimi nikiona Papa amekosea naweza kusema. Nisichoweza ni kuondoka na kundi."

Nilijua kilichofuata akilini mwa baba, na yeye alijua kilikuwa mdomoni mwangu: yule mfalme wa Uingereza aliyetaka mke mwingine, akalitenga kanisa la nchi yake na Roma. Sikumtaja. Nilikaa.

Bi Mkubwa ndiye aliyemtaja. "Hebu, si kulikuwa na mfalme mmoja huko Uzunguni, Papa akamnyima talaka? Nilisikia redioni."

Baba alivuta pumzi ndefu. "Alikuwapo. Nimefundisha historia, siwezi kumficha. Namshukuru binti yangu kwa kutomleta."

"Mimi nimemleta bila ubaya," alisema Bi Mkubwa, akammiminia baba kahawa. "Endelea."

Nilidhani atarudi kwenye mamlaka ya maaskofu. Hakurudi. Alikaa, kikombe kati ya viganja, na sauti yake ikashuka.

"Kuna Papa mmoja wa zamani," alisema, "aliandika kwamba daraja za Waanglikana ni batili, si kitu kabisa. Maana yake mapadri wetu si mapadri. Nilisoma hayo nikiwa kijana, chuoni. Niliyasoma mara ya pili nikidhani sikuelewa. Bi Mkubwa, baba yangu alikuwa padri. Alivuka mto Zigi mvua zikinyesha, mkate na divai amevifunga kifuani, aende kumkomunisha bibi kizee aliyekuwa anakufa. Je, alikuwa anacheza? Alikwenda kumpa yule bibi nini, hewa? Siku ya harusi ya binti yangu nilitaka kuingia. Nilifika mlangoni. Nikakumbuka mle ndani wanaomba pamoja na Papa, nikamwona moyoni baba yangu amesimama nje. Nikabaki naye."

Mimi, mwalimu wa historia, nililijua andiko lile. Lakini sikuwa nimewahi kuliunganisha na babu, na mto, na suti ya kijivu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Bi Mkubwa hakujaza kikombe. "Zamu yako, mwanangu," alisema taratibu. "Chukua muda."

"Tate," nilisema, "siwezi kukuambia hayakuandikwa. Yameandikwa. Na nilipopokelewa Ukatoliki walinipa kipaimara upya, japo askofu wetu wa Kianglikana alikwishanipa. Hilo siwezi kulitetea mbele yako vizuri. Ukisema umeshinda hapo, umeshinda. Na mimi linaniuma, ni babu yangu."

Baba alitikisa kichwa.

"Lakini niulize walifanya nini kuhusu ubatizo."

"Walifanya nini?"

"Hawakufanya kitu. Padre aliniuliza kama nilibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nikasema ndiyo, na babu yangu. Akasema basi, ubatizo ni mmoja, harudii mtu. Tate, huyo Papa unayemkataa anafundisha kwamba maji aliyonimwagia babu ni ubatizo wa kweli, sawa na uliofanyika Roma. Ukatoliki wangu wote umesimama juu ya mkono wa babu. Bila maji yale mume wangu asingenioa kanisani vile alivyonioa. Na mtoto wangu anayepewa upadre, mama yake ni Mkristo kwa mkono wa nani? Babu hayuko getini. Yumo ndani kabla yetu sote."

Nilikaa.

Upande wa barabara lori la mkonge lilipita likanguruma, likaenda. Bi Mkubwa alifuta vidole vyake kwa ncha ya kanga.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Swali mlilonipa si kama Papa ni wa kweli. Hilo mngeniuliza, jibu langu mnalijua, na sote watatu tungeondoka tumenuna. Mwalimu, umeleta hoja nzuri, na ile ya daraja na kipaimara umeipata. Binti kakubali mwenyewe. Kukubali kwake kumenifanya nimwamini kwingine. Mimi nimeulizwa jambo moja: mzee huyu ana sababu ya kusimama nje? Ulisema unasimama na baba yako. Binti kaonyesha baba yako hakuachwa nje, maji yake wameyapokea. Basi wewe, Mwalimu, unasimama na nani pale getini?"

Baba aliweka kikombe sakafuni. Kisha akatamka neno ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Nimeshindwa," alisema.

Nilipiga ukelele. Sijui kama niliruka au nilidondoka kwenye kiti, najua kashata zilimwagika na Bi Mkubwa akanipiga kofi la mgongoni huku anasema, "Taratibu, utaniua na kahawa!" Baba alinyanyuka, akanishika mabega yote mawili, akanitingisha kama anayepima mti umeshika mizizi au la. Alikuwa anacheka, na machozi yamemjaa kwenye mikunjo ya macho.

"Ulikuwa umenipata pale Antiokia," alisema. "Kwa nini hukuongezea yule mfalme? Ningeanguka mapema."

"Ungeanguka ukiwa na hasira."

"Kweli," alisema. "Kweli kabisa."

Niliondoka Pongwe nimebeba mfuko wa machungwa wa Bi Mkubwa, na ilinichukua nguvu zote kutomwambia kila abiria wa daladala aliyekaa karibu nami kwamba nimemshinda baba yangu. Mume wangu nilimwambia nikiwa bado mlangoni. Mwanangu nilipompigia nilisikia anavuta kamasi.

Siku ya upadrisho kanisa kuu lilifurika hadi nje. Kwaya zilikuwa zimeanza, ngoma zinatikisa madirisha. Baba alikuja na suti ya kijivu ileile, kola imegeuzwa upya na fundi. Getini mlinzi alimletea kiti chake kama kawaida. "Asante, kijana," baba alimwambia, "leo nina nafasi ndani." Akanishika mkono, tukapita katikati ya kanisa lote. Yeye ndiye aliyenitembeza, si mimi niliyemtembeza. Nilimweka benchi la mbele, karibu na mume wangu, na nyuma yetu akaketi Bi Mkubwa, mtandio wa hariri kichwani, akiuliza kwa sauti isiyo ndogo kila kitu kilichokuwa kinatendeka.

Mwanangu alipolala kifudifudi sakafuni na watu wakaanza kuwaita watakatifu mmoja mmoja, baba aliitikia kila jina. Aliyajua yote, kama alivyosema. Askofu alipomwekea mwanangu mikono kichwani, na mapadre wote wakafuata, mmoja baada ya mwingine, baba aliinua mkono wake wa kulia kutoka pale alipokaa, kiganja kimeelekea mbele, akauacha hewani mpaka wa mwisho alipomaliza. Hakuna aliyemkataza. Kwenye sala kuu, padre alipotaja kuwa tunaomba pamoja na Papa wetu na askofu wetu, nilimwibia jicho. Aliinamisha kichwa tu, na mimi sikuomba zaidi ya hilo.

Baada ya Misa, padre mpya hutoa baraka zake za kwanza. Mimi na mume wangu tulitangulia. Kisha mwanangu akamgeukia babu yake, mikono bado inanukia mafuta matakatifu. Baba alijaribu kupiga magoti, magoti yakalalamika, mjukuu akamwahi akambariki amesimama. Halafu yule padre mpya, mbele ya askofu na umati wote, akapiga magoti yeye.

"Babu, na wewe nibariki," alisema. "Kama baba yako alivyokuwa akiwabariki watu."

Baba akamwekea mikono yote miwili kichwani. Alichosema kilikuwa Kibondei, na kilimezwa na vigelegele, maana akina mama wa parokia walikuwa wamelipuka, na juu ya sauti zote nilisikia ya Bi Mkubwa.

Sherehe ilikuwa chini ya maturubai uwanjani. Baba aliwekwa meza ya wakubwa, na tulipofika kwenye pilau alikuwa amekwisha kumgeukia askofu, kidole hewani, anamwuliza habari ya kipaimara. Askofu alikuwa ameweka kijiko chini anamsikiliza kwa makini. Niliwaacha. Nilivua viatu, nikajitosa katikati ya wanawake waliokuwa wanacheza, nikacheza hadi kitambaa changu cha kichwani kikaanguka, na sikukiokota.